Kutembea Kinyumenyume

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha alfajiri, na mdogo wangu amefika nayo, ana sanduku moja na maneno yasiyoingia kwenye sanduku lolote. Tangu utotoni tunamwita Chiriku. Amekuja kuniuguza. Moyo wangu umechoka, miguu imevimba, na ngazi za nyumba hii, ambazo nilikuwa nikizishuka huku nafunga vifungo vya koti, sasa ni mlima. Daktari hakunificha: nisitarajie kuuona msimu mwingine wa mvua baada ya huu. Nilimshukuru. Nimefundisha miaka mingi, na napenda mtu anayejibu swali aliloulizwa.

Chiriku amelia kidogo, amefagia sana, kisha amesimama dirishani akauliza ule mnara ni wa nini. Miaka yote niliyoishi katikati ya mji mkuu, yeye hajawahi kuuona.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Supu haina chumvi. Amri ya daktari.

Alhamisi, 5 Machi

Leo nimefanya jambo jema, na naliandika mapema kabla sijalijutia.

Kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu nilitembeza wageni kwa miguu katika viwanja vya kati: Uwanja wa Jenerali, mbele ya Ukumbi wa Jiji, Bustani ya Juu, Bustani ya Chini. Baadaye nikawafundisha chuoni waliotaka kazi hiyo. Kanuni yangu ilikuwa moja: mwongozaji hampi mgeni mgongo. Unatembea kinyumenyume, uso kwa watu, mwavuli juu, unasema huku ukiwasoma macho. Visigino vyangu vilijua kila jiwe lililoinuka barabarani. Sikuwahi kuanguka hata mara moja mbele ya wageni.

Mume wangu hakuwahi kuja kwenye matembezi yangu. Alikuwa fundi saa, na saa za kazi yake ndizo zilizokuwa saa za kazi yangu. Alikaa uchochoroni na kioo jichoni akitazama magurudumu madogo kuliko punje ya mchele. Mji ulikuwa nje ya mlango wake, nao ukabaki huko.

Basi leo nimemwambia, "Mtembeze shemeji yako. Asije akarudi kwao kusema alikuja mji mkuu akaona masufuria."

Nikawapa njia kona kwa kona, wapi wasimame, nini kitangulie. Wamerudia baada yangu kama wanafunzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajiambia. Nililala vizuri.

Ijumaa, 6 Machi

Wametoka baada ya chai, wamerudi kabla ya chakula cha mchana. Chiriku ameingia anacheka hata hawezi kuvua viatu. Kumbe mume wangu, aliposimama mbele ya sanamu ya Jenerali juu ya farasi, amesahau yote niliyomfundisha, akamwambia kwamba Jenerali ananyoosha mkono kuulizia choo kiko wapi.

Nikawaeleza kwamba mkono unaelekea upande wa mto, mahali vita vilipoishia, na kwamba mchongaji aliuinua mguu wa farasi ili uzito ukae nyuma.

"Sawa dada," Chiriku akasema, akipangusa machozi. "Lakini ya shemeji inaeleweka zaidi."

Mume wangu akatazama sakafu kama aliyekamatwa na pipi darasani.

Jumatano, 11 Machi

Chiriku anasema kwamba kwenye Ukumbi wa Jiji, chini ya roshani, kuna mtoto wa jiwe anayetoa ulimi. Nimemwambia hakuna kitu kama hicho. Akasema kipo. Nikamwambia nimesimama chini ya roshani hiyo mara nyingi kuliko alivyopiga chafya maishani mwake, na mwaka uliojengwa ukumbi naweza kuutaja nikiwa usingizini, pamoja na majina ya waliogombania ujenzi wake.

"Mwaka siujui," akasema. "Ulimi nimeuona."

Mume wangu hakunitetea. Alisema tu, "Uko juu sana, Mwalimu," kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya jengo.

Jumamosi, 14 Machi

Jirani wa ghorofa ya chini amepanda kunijulia hali. Ameleta machungwa na habari, machungwa machache.

"Mama, jana nimewaona mzee na mdogo wako wakivuka uwanja," akasema. "Walivyopendeza! Nikajiuliza, kuna harusi ya nani?"

Nilicheka kwa meno. Alipoondoka nilimenya chungwa moja na kulikuta chachu, nikalila lote.

Jumanne, 17 Machi

Wamekawia.

Ijumaa, 20 Machi

Kutoka kitandani naona kipembe kimoja cha Uwanja wa Jenerali, kati ya paa la duka la mikate na nguzo ya taa. Mtu akivuka pale namwona kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha anamezwa na ukuta.

Leo mvua ilikuwa kubwa. Nikadhani watakaa nyumbani. Nilikuwa nimesinzia, na nilipofumbua macho hawakuwepo, wala mwavuli wangu haukuwepo kwenye msumari wake nyuma ya mlango.

Ni mwavuli mwekundu. Nilifanya nao kazi yangu yote, na sikuwahi kuufungua. Niliuinua ukiwa umefungwa, kama bendera, ili waliobaki nyuma waone nilipo. Ikinyesha mvua nililowa pamoja na wageni wangu. Ndiyo heshima yenyewe.

Nikatazama kile kipembe. Mwavuli wangu ukapita. Ulikuwa umefunguliwa, na chini yake walikuwa watu wawili, bega kwa bega, hawana haraka yoyote.

Waliporudi nikasema mbavu za mwavuli ule ni za zamani, zinaweza kukatika. Chiriku akaukausha kwa taulo langu. Hakuomba msamaha, kwa sababu hakujua kuna kosa. Ndivyo alivyo tangu tukiwa wadogo: anachukua kitu kwa uso mweupe, na wewe unayelalamika ndiye unayeonekana mchoyo.

Jumatano, 25 Machi

Mchana huu nimemsikia akiita kutoka jikoni, "Fundi, maji yamechemka."

Si "shemeji". Fundi. Mji mzima ulimwita hivyo, hata wenye saa wasiomjua. Lakini mdogo wangu alikuwa na neno lake la kumwitia, na neno hilo lilikuwa na mimi ndani yake. Mtu hawi shemeji wa mtu ila kwa kupitia kwa mtu mwingine. Sasa ameniruka.

Yeye ameitika, "Naam," akaenda kutengeneza chai.

Jumapili, 29 Machi

Mume wangu amebadilisha kamba za viatu. Zile za zamani zilikuwa hazina ubaya.

Alhamisi, 2 Aprili

Nilimuuliza mume wangu alipokuwa akinipa dawa, "Mnazungumza nini huko nje?"

"Tunazungumza mji."

"Mji gani usioisha? Njia niliyowapa ni ya asubuhi moja."

Akafikiri. Ni mtu wa kufikiri. Ukimuuliza saa ngapi anatazama kwanza kama saa inastahili kuaminiwa. Akasema njia ile waliimaliza siku nyingi. Siku hizi wanakwenda popote. Kuna benchi kwenye Bustani ya Juu ambalo mtu akikaa anasikia chemchemi bila kuiona. Kuna mti uliomeza uzio, chuma kimeingia ndani ya shina kama mfupa kwenye nyama.

Mti huo siujui.

Niandike wazi, maana sina muda wa kuzunguka. Siogopi kufa. Ninachoogopa ni kukaliwa kiti changu nami sijainuka. Usiku na mchana nawaza jambo hilo tu: kwamba siku nitakayozikwa itakuwa siku ya kawaida, wenzangu wakiwa wamekwisha kuzoea. Wazee hatuonei wivu mwili. Mdogo wangu ana magoti mabovu na meno ya bandia. Ninamwonea wivu miguu ya kupandia ngazi. Ninamwonea wivu kicheko anachokirudisha nyumbani kikiwa kimekwisha kuchekwa, nikaambulia kuelezewa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na huyu nguo zangu alizivaa kweli, tangu akiwa mtoto.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua bila kupumua. Nimewasahihisha mara nne wakati wa chakula. Hatimaye wakanyamaza, na kijiko kikawa na kelele.

Jumanne, 7 Aprili

Kesho ni Jumatano.

Bustani ya Chini ina lango moja tu na uzio mrefu. Siku za Jumatano msimu wa mvua hufungwa saa sita mchana ili watunza bustani wazibue mifereji ya upande wa mto. Mlinzi hapigi kengele. Anafunga tu na kwenda kula, harudi mpaka saa kumi. Kila mwongozaji anajua. Niliwahi kumfelisha mwanafunzi kwa kutolijua.

Jioni hii nimewaambia kwamba wakati mzuri wa Bustani ya Chini ni Jumatano baada ya mvua ya asubuhi, waingie saa tano unusu, wasiwe na haraka, waende hadi kibanda cha bendi kule mwisho. Mume wangu akauliza, "Hawafungi?" Nikasema, "Wanafunga jioni."

Nililisema kwa sauti ileile niliyotajia miaka ya majengo.

Nilitaka walowe. Nilitaka wakae wamenuniana chini ya mti, magoti ya mmoja yakiuma na mwingine akimlaumu, kisha warudi kwangu kila mtu na njia yake. Nilitaka mji uwachoshe.

Jumatano, 8 Aprili

Wametoka. Chiriku ameniaga kwa kunibusu paji la uso.

Baadaye, siku hiyohiyo

Mbingu zimefunguka saa saba. Mvua ya kulala, inayokwenda na upepo, mpaka duka la mikate silioni. Nilifurahi kwa muda mfupi sana, labda muda wa kunywa glasi ya maji. Kisha nikakumbuka kibanda cha bendi.

Kina paa. Kina sakafu ya mbao na kuta tatu. Ndio mahali pakavu pekee katika bustani nzima, na ni mimi niliyewaelekeza huko. Nimewafungia mume wangu na mdogo wangu mahali pa faragha, mchana kutwa, mvua ikiwalinda wasiingiliwe na mtu, na ufunguo umekwenda kula. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hata jirani wa chini, na ulimi wake wote, asingeweza kuwapangia vizuri hivyo.

Nilikaa kitandani nikitazama kile kipembe cha uwanja. Hakuna aliyepita.

Wamerudi saa kumi na moja, wamelowa kwa kuikata bustani yote hadi langoni. Mume wangu alikuwa anatetemeka. Chiriku hakusema neno, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mengine yote.

Alhamisi, 9 Aprili

Homa.

Ijumaa, 10 Aprili

Homa, na kifua. Wamemlaza mume wangu chumba cha pili. Muuguzi anayekuja kwangu amempima naye, akakunja uso. Namsikia akikohoa kupitia ukutani. Kikohozi kinaanza, nakingoja kiishe, na katikati yake kuna mahali ambapo hakuna sauti.

Jumapili, 12 Aprili

Chiriku anazunguka kati ya vyumba viwili na beseni. Amekonda usoni. Namtazama anavyoninyanyulia mto na siwezi kumtazama machoni. Yeye naye hanitazami. Nimedhani amejua, kisha nimedhani ana la kwake.

Jumanne, 14 Aprili

Nilijiandaa kufa. Niliweka kila kitu sawa, hata gauni. Kuzika sikujiandaa. Haikunipitia akilini kwamba naweza kubaki mimi, kwenye chumba hiki, nikiwa nimeshinda.

Alhamisi, 16 Aprili

Daktari amemdunga sindano. Anasema tungoje.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua. Tunangoja.

Jumamosi, 18 Aprili

Asubuhi nilisikia kupitia ukutani sauti ya mume wangu ikisema saa ya ukutani imechelewa, tena kwa hasira. Nikalia mpaka Chiriku akaja mbio akidhani ni moyo. Ulikuwa moyo, lakini si ule wa daktari.

Alhamisi, 23 Aprili

Amekuja chumbani kwangu anajishikilia ukuta. Amekaa pembeni ya kitanda. Hatukuzungumza la maana. Amejaza saa yangu ya mkononi.

Jumanne, 28 Aprili

Nimesema.

Sikuchagua wakati mzuri. Chiriku alikuwa amepiga magoti sakafuni, ananiosha miguu kwenye beseni kama kila jioni. Mume wangu alikuwa amelala. Nikaona kisogo cha mdogo wangu, mvi zimegawanyika mahali palepale zilipogawanyika nywele zake akiwa mtoto, nilipokuwa mimi wa kumsuka.

"Chiriku," nikasema. "Ile Jumatano nilijua kwamba lango litafungwa saa sita."

Aliendelea kuosha. Alipitisha kitambaa katikati ya vidole, kimoja kimoja.

"Hata mimi nilijua," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akasema bango lipo langoni, herufi kubwa, Jumatano mwisho saa sita. Shemeji alikuwa ameacha miwani nyumbani. Yeye alikuwa nayo usoni.

"Ukaingia?"

"Nikaingia. Nikamwambia twende, kuna muda."

Maji yalikuwa yanapoa. Nikamuuliza kwa nini. Alikaa juu ya visigino vyake, mikono inadondosha maji kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu Chiriku akatafuta maneno.

"Nilivaa magauni yako mpaka nilipoolewa," akasema. "Viatu vyako, nikajaza karatasi mbele. Shuleni nikaitwa mdogo wake fulani. Nimekuja hapa, hata mji umenigawia wewe, kona kwa kona, na nikirudi unanisahihisha nilichokiona kwa macho yangu. Nilitaka mchana mmoja usiokuwa wako, dada. Mmoja tu. Sikujua atakohoa hivi."

Kwa hiyo alikuwa akinionea wivu muda wote huo, na mimi nikidhani ni mali yangu peke yangu.

Nikauliza walifanya nini humo kibandani. Nilistahili kunyamaza, lakini niliuliza.

"Tulicheza dansi."

"Mume wangu hachezi."

"Anacheza. Vibaya. Amenikanyaga mpaka kucha imekufa." Akanionyesha, na kweli kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi.

"Muziki mmeupata wapi?"

"Alipiga mluzi. Kulikuwa na baridi, tukasema tupashe miili joto. Halafu tukachoka, tukakaa, kila mtu na upande wake wa benchi. Ndiyo hayo. Hakuna mengine, na hayo yalikuwa mengi." Akakausha mguu mmoja. "Alipoanza kuumwa nikajiona mwuaji. Wewe ulimdanganya ukiwa umelala kitandani. Mimi nilimshika mkono nikamwingiza."

"Nilikuwa nimekaa," nikasema.

Nilisahihisha hata hapo. Tukatazamana, na yeye ndiye aliyeanza kucheka, kimyakimya ili asimwamshe mgonjwa, mabega yakitikisika, nami nikafuata mpaka kifua kikauma.

Kisha akauliza, "Unanichukia?"

"Asubuhi nilikuchukia. Sasa hivi sijui."

"Basi lete mguu mwingine."

Alhamisi, 30 Aprili

Siku ya harusi yetu kulikuwa na muziki. Tulisimama katikati ya ukumbi, watu wamezunguka. Alinishika kiuno. Alikuwa hajui, lakini alikuwa anacheka, na nilisikia mluzi mdogo ukitoka kwenye meno yake, anaufuata wimbo. Nami nikahesabu sikioni mwake: moja, mbili, moja, mbili. Nikamwambia, "Unakosea." Akasimama, akaenda kukaa.

Miaka yote nimewaambia watu kwamba mume wangu hapendi kucheza.

Jumamosi, 2 Mei

Nilimuuliza ana kwa ana, kama ambavyo daktari angefanya. "Nikienda, Chiriku abaki hapa?"

Alikuwa anafuta kioo cha saa kwa kitambaa chake laini. Hakuacha kufuta.

"Mwalimu," akasema, "usiniulize swali ambalo jibu lake utalisahihisha."

Ndilo jambo kali zaidi alilowahi kuniambia. Nililala nalo mchana kutwa. Jioni nikamwita nikamwambia, "Silisahihishi." Akasema hajui jibu. Akasema anamzoea Chiriku kama mtu anavyozoea redio, na kwamba mimi ni saa. Nikangoja anieleze maana yake. Hakueleza, na sikumwuliza.

Jumatano, 6 Mei

Muuguzi ameleta kiti cha magurudumu, cha kuazima. Mvua zinapungua. Miguu imevimba hadi magotini, na pumzi haifiki chini. Muuguzi anasema, "Bibi, kama kuna pahali unataka kwenda, nenda wiki hii." Huyu naye anajibu maswali.

Jumapili, 10 Mei

Naandika kidogokidogo, mkono hautulii.

Mwoka mikate na kaka yake wamenibeba ngazini kama kabati, huku wakielekezana. Chini, mume wangu akashika kiti. Chiriku akaniwekea mwavuli mapajani, umefungwa.

Kabla hatujafika kona ya kwanza niligundua jambo. Mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, anayemsukuma yuko nyuma yake. Maisha yangu yote ya kazi uso wangu ulikuwa kwa watu na mgongo kwa mawe. Leo mawe yote yalikuwa mbele yangu, na watu wangu wawili nyuma, nisipowaona. Nilisikia viatu vyao. Nilimsikia Chiriku akisema kitu kwa sauti ya chini, na mume wangu akiguna kwa kicheko. Shingo yangu ilitaka kugeuka yenyewe. Wivu hauishi kwa kukiri. Ulikuwa umekaa nami kitini, tunabanana.

Kwa Jenerali tukasimama. Nikajua mume wangu anangoja nianze mimi, na mto, na vita.

"Huyu anatafuta nini?" nikauliza.

Nikasikia viatu vikisogea nyuma yangu.

"Choo, Mwalimu."

"Bado hajakipata?"

"Bado. Na farasi naye ameanza kubanwa."

Mpita njia mmoja alitutazama, wazee watatu wanaomcheka shujaa wa taifa.

Mbele ya Ukumbi wa Jiji niliwaambia wasinipeleke chini ya roshani nilipokuwa nikisimama. Wanipeleke katikati ya uwanja, walipokuwa wakisimama wageni. Nikainua kichwa.

Yupo. Chini ya roshani, mashavu yamevimba, ulimi nje, ameutolea mji mzima. Yuko juu kabisa ya pale nilipokuwa nikisimama. Na pale ndipo wageni walipotabasamu kila siku, kila kundi, nilipotaja mwaka. Nilidhani ni kwa jinsi ninavyoutaja. Nilikuwa hata nikinyamaza kidogo, kuwaachia nafasi ya kutabasamu.

"Umemwona?" Chiriku akauliza.

"Nimemwona," nikasema. "Anafanana na wewe."

Bustani ya Chini ilikuwa wazi, leo ni Jumapili. Njia ilikuwa imejaa maua yaliyoangushwa na mvua, na magurudumu yakapita juu yake bila sauti. Kwenye kibanda cha bendi kuna vidato vitatu. Kiti hakiwezi kupanda. Wakasema basi, turudi. Nikawaambia wanigeuze nitazame miti, kisha wapande wao.

"Dada, acha," Chiriku akasema.

"Pandeni. Mimi nimetembeza watu maisha yangu yote, nami nataka kutazama miti."

Walisimama muda mrefu. Kisha nikasikia mbao zikilia chini ya viatu vyao, vya mmoja, halafu vya mwingine. Mti ulikuwa mbele yangu. Nikatazama gome lake, jinsi maji yalivyochora mistari. Kulikuwa kimya hadi nikadhani wamekaa tu.

Mluzi ukaanza. Ulikuwa hafifu, wa mapafu yaliyotoka kuumwa, na haukupata noti hata moja. Ulikuwa wimbo ule wa ukumbini, wa harusi yetu. Nikasikia viatu vikiburuta kwenye mbao, kushoto, kulia, kushoto. Nikasikia sauti ya mdogo wangu, "Fundi, mguu wangu," na mluzi ukakatika kwa kicheko, kisha ukaendelea.

Nikauinua mwavuli, umefungwa, ili wajue nilipo.

Midomo yangu ilikuwa imeanza kuhesabu. Alikuwa anakosea. Nikaifunga.

Sikugeuka.